Mawimbi Mazito ya Ubongo

Mnamo 1924, mjini Jena, Ujerumani, daktari wa magonjwa ya akili Hans Berger alimwekea elektrodi kichwani kijana wa miaka 17. Fuvu la kijana huyo lilikuwa na tundu la upasuaji, na pasipo na mfupa umeme wa ubongo hunaswa kwa urahisi zaidi. Galvanomita, kipimo cha umeme, ikatikisika, kidogo tu. Berger, mtu msiri na mwenye wasiwasi, alikaa miaka mitano kabla ya kuchapisha habari hiyo.

Alichokuta ni hiki: mtu aliyetulia akifumba macho, mchoro wa umeme wa ubongo huonyesha mawimbi kama 10 kwa sekunde; akifumbua, yanatoweka. Wenzake wengi hawakumwamini, mpaka 1934, Edgar Adrian wa Cambridge, ambaye tayari alikuwa na Tuzo ya Nobeli, alipofungiwa waya yeye mwenyewe na mawimbi yaleyale yakajitokeza.

Ila mawimbi ya mtu mzima wa afya hayamponyi mgonjwa. Faida ilikuja 1936, jijini London, kwa mtafiti William Grey Walter. Aligundua kwamba uvimbe wa ubongo wenyewe huwa kimya. Nyama iliyoumizwa kandokando yake ndiyo inayotoa mawimbi mazito, chini ya manne kwa sekunde. Akayaita delta. Akawa anapanga elektrodi kwa safu: pale ambapo mchoro wa jozi moja ulipanda huku wa jozi jirani ukishuka, chanzo kilikuwa hapo katikati. Picha za eksirei za siku hizo zilionyesha vizuri mfupa, si ubongo. CT-scan, picha inayoonyesha ubongo wenyewe, ilikuja mwaka 1971.

Kusoma karatasi za michoro hiyo kwa macho kulichosha, na delta hutokea pia kwa mtu aliyelala usingizi mzito, hivyo mpimaji ilimpasa kuhakikisha mgonjwa yu macho. Mwaka 1932 mwanafizikia G. Dietsch alikuwa ameshajaribu kuyatenganisha mawimbi kwa hesabu za Fourier, kazi ya jasho kwelikweli. Mwaka 1943 Walter akatoa mashine iliyochambua kila sekunde 10 za mchoro na kuandika papo hapo kasi zilizotawala. Kisha 1965 watafiti Cooley na Tukey wakachapisha njia ya mkato iliyoiwezesha kompyuta kufanya hesabu za Fourier upesi.

Mwaka 2014 Marekani iliidhinisha kifaa cha mkononi kinachosoma umeme wa ubongo kupitia elektrodi za kwenye paji la uso, kumsaidia daktari kuamua kama aliyegonga kichwa apelekwe CT-scan.