Baridi ya Al Rayyan na Bili ya Uingereza



Wenzetu wa Leeds na Minneapolis watacheka wakisikia mtu wa Qatar analalamika baridi. Mwezi wa Januari hapa Al Rayyan, magharibi ya Doha, usiku hushuka hadi nyuzi 13 au 14 hivi. Huko kwenu hiyo ni siku ya kutoka na shati. Lakini nyumba za hapa zimejengwa kwa ajili ya kulifukuza joto. Sakafu ni ya marumaru, dari iko juu, viyoyozi viko kila chumba, na bomba la maji ya moto la kupasha vyumba halipo kabisa. Upepo wa shamali ukivuma siku mbili tatu, mtu wa pwani aliyezoea kipupwe cha Julai hukimbilia dukani kununua hita ndogo ya umeme. Na hita ikishachomekwa ukutani, swali linakuja lenyewe: bili ni ya nani?

Hapa bili yenyewe watu huiita kahramaa. Hilo ni jina la shirika la umeme na maji la Qatar, lililoundwa mwaka 2000 kuchukua kazi zilizokuwa za wizara. Jina limeunganishwa kwa Kiarabu, kahraba ni umeme na maa ni maji. (Kwa wapenzi wa lugha: kahraba asili yake ni Kiajemi, kitu kinachonyakua mabua makavu, yaani kaharabu ile ile ya kwetu, ambayo ukiisugua huvuta vijiti. Wagiriki nao waliiita kaharabu elektron, na Wazungu wakapata jina la umeme kutoka hapo.) Matangazo ya vyumba vya kupanga husema kodi ni kiasi kadhaa pamoja na kahramaa, au bila kahramaa, na anayejua mambo huyasoma maneno hayo kabla ya kuuliza dirisha linatazama wapi.

Utaratibu wenyewe ni mwepesi kuueleza. Raia wa Qatar halipi umeme wala maji ya nyumba anayoishi. Mgeni hulipa, ingawa kwa bei iliyopunguzwa na serikali. Kwa hiyo nyumba mbili zinaweza kupakana ukuta, zikavuta waya mmoja, moja ikawa na bili na nyingine haina. Msamaha unamfuata mtu, haulifuati jengo. Mwenye nyumba huyo huyo akihama na kuipangisha, bili huanza kuhesabiwa.

Kuliita jambo hili msaada ni kosa, na mwenyeji ukimwambia hivyo atashangaa. Mafuta ya Qatar yalianza kusafirishwa nje mwishoni mwa 1949, na tangu hapo dola ilijengwa juu ya wazo kwamba mali iliyo chini ya ardhi ni ya watu wake, na kwamba watalipwa fungu lao kwa huduma, si kwa fedha taslimu tu. Hakuna fomu ya kujaza, hakuna wa kukuuliza mshahara. Tajiri na maskini wanapata sawa, na mwenye kasri hupata zaidi kwa sababu anatumia zaidi. Serikali yenyewe imeuona mwisho wa njia hiyo. Mwaka 2008 ilitoka sheria ya kuzuia ubadhirifu wa umeme na maji, na mwaka 2012 ikaanzishwa kampeni ya Tarshid ya kuwahimiza watu kubana matumizi. Kumhimiza abane mtu ambaye haoni bili ni kazi ngumu.

Na sisi je? Mlinzi kutoka Mombasa au Kampala anayelala katika nyumba ya kampuni haoni bili pia, ila kwa sababu nyingine. Kima cha chini cha mshahara kilichoanza kutumika Machi 2021 ni riyali 1,000, na mwajiri asiyetoa malazi huongeza 500. Anayepewa malazi hulala na umeme alioupanga mwenziwe. Mwenye familia aliyepanga chumba katika nyumba iliyokatwakatwa vipande hulipa kodi iliyochanganywa na kahramaa, na hajui ndani ya kodi ile umeme ni kiasi gani. Ruzuku ya serikali imo humo mahali fulani, lakini imeingia mfuko wa nani?

Sasa tuvuke bahari. Novemba 1997 Gordon Brown, waziri wa fedha wa Uingereza, alitangaza malipo ya majira ya baridi kwa wazee. Yalianza paundi 20 kwa nyumba, na 50 kwa walio hohehahe. Kufika mwaka 2000 yalikuwa paundi 200. Mwanzoni mwanamke alipewa kuanzia miaka 60, mwanamume mpaka 65. Mzee mmoja aliyeitwa Taylor akalipeleka suala hilo mahakamani, na Desemba 1999 Mahakama ya Ulaya ikaamua kwamba huo ni ubaguzi. Tangu hapo umri ukawa mmoja.

Kwa wasomaji wetu jambo kubwa ni hili: hawakuuliza uraia wala ulizaliwa wapi. Mzanzibari aliyetoka baada ya 1964, Mhindi wa Kampala aliyefukuzwa na Amin mwaka 1972, wote wakizeeka Uingereza walihesabiwa kwa umri na makazi. Ukiweka hapo kando ya Al Rayyan utaona tofauti ya mizani. Huku ni nasaba, kule ni anwani.

Lakini nchi hizi mbili zimefungwa kwa gesi moja, tena si kwa mithali. Gesi ya North Field iligunduliwa pwani ya Qatar mwaka 1971, mwaka ule ule wa uhuru. Shehena ya kwanza ya gesi iliyogandishwa kuwa maji iliondoka kwenda Japani mwishoni mwa 1996. Machi 2009 meli ya Tembek ilifikisha shehena ya kwanza kutoka Qatar kwenye kituo cha South Hook, Milford Haven, huko Wales, ambacho sehemu kubwa ya hisa ilikuwa ya Qatar. Bibi wa Kizanzibari aliyewasha jiko lake London majira yale huenda alikuwa anaota moto wa jirani zetu.

Halafu ikaja 2022. Urusi iliivamia Ukraini, bei ya gesi ikapaa, na wenye gesi wakavuna. Serikali ya Uingereza ililipa kila nyumba paundi 400, kwa mafungu sita kuanzia Oktoba. Waliokuwa na mita za zamani za kulipia kabla walitumiwa vocha kwa barua, na nyingi hazikutumika. Wapangaji ambao kodi yao imechanganywa na umeme walitungiwa kanuni ya kumlazimisha mwenye nyumba awapitishie fungu lao. Nilipoisoma kanuni hiyo niliwakumbuka watu wa vyumba vya kukatwa hapa. Shida ni ile ile.

Julai 2024 Rachel Reeves akayaondoa malipo ya baridi kwa wazee wengi, yakabaki kwa wanaopata nyongeza ya pensheni ya wenye kipato cha chini. Watu kama milioni 10 walipoteza. Serikali hiyo hiyo ilikadiria kwamba hadi watu 880,000 wana haki ya nyongeza hiyo na hawaidai. Wengine hawajui, wengine fomu imewashinda, na katika wazee wetu wapo wanaoona haya kuonekana ombaomba. Aibu hiyo imewagharimu. Juni 2025 serikali ilirudi nyuma, na Uingereza na Wales malipo yakarejeshwa kwa wenye kipato kisichozidi paundi 35,000 kwa mwaka. Mwenye mzazi huko asiache kumuuliza kuhusu ile nyongeza, kwani hiyo haiji bila kuombwa.

Kuna jambo moja ambalo waraka wa serikali haulisemi kwa sauti. Malipo ya baridi hayamfuati mzee anayerudi Unguja au Mombasa, na hilo linaeleweka, kwani huko hakuna baridi ya kulipia. Lakini pensheni yenyewe, akihamia Kenya au Tanzania, hukwama pale pale ilipokuwa siku aliyoondoka. Haipandi tena mwaka hadi mwaka, ingawa alikatwa sawa na mwenziwe aliyebaki Leicester.