Maskati hadi Unguja: Njia ya Kungoja Upepo

Ndege ikiruka Maskati, kilomita kama 3,900 za anga hadi Unguja humalizika kwa takriban saa tano na nusu. Abiria hula mara moja, husinzia kidogo, akishuka hurudisha saa yake nyuma kwa saa moja. Waliomtangulia katika njia hiyo walihesabu pepo.

Kaskazi, upepo wa kutoka kaskazini, ikishika, kuanzia Desemba, majahazi yalishuka kutoka Omani na Ghuba yakiwa na shehena ya tende, chumvi na papa mkavu. Upepo ukikaa vizuri, wiki tatu au nne zilitosha. Nahodha aliyeingia kila bandari kuuza na kununua alitumia miezi. Kurudi, sharti kaskazi ikatike, kusi, upepo wa kutoka kusini, ianze Aprili. Na kusi nayo ina ukali wake: Juni na Julai bahari ya Somalia na Omani huchafuka mno, hivyo aliyechelewa kupakia boriti za mikoko alikaa hadi Agosti kusi ilipolegea.

Kwangu mimi, historia ya njia hii imo zaidi katika kungoja huko kuliko katika kusafiri. Maji yalipokupwa, chombo kililazwa pwani. Mabaharia walikwangua vigamba vilivyoota chini ya maji, wakatia kalafati kwenye nyufa, kisha wakapaka deheni, chokaa iliyopondwa pamoja na shahamu, kwa viganja vyao. Juu wakapaka sifa, mafuta ya papa, yenye harufu isiyotoka nguoni. Kazi hiyo ikiisha bado zilibaki wiki za kukopeshana na kudaiana, za kusali msikiti mmoja na wenyeji, za kuposa na kuoa. Udugu wa Unguja na Omani ulijengwa katika wiki hizo.

Hata mtawala wa Omani hakuupunguza umbali. Seyyid Said, aliyefika Unguja mara ya kwanza 1828 na baadaye kuhamishia makao yake huko, alikwenda Maskati 1854. Oktoba 1856, akirejea katika meli yake Victoria, alifariki karibu na Shelisheli. Mwili haukuzikwa baharini. Mwanawe Barghash, aliyekuwa naye safarini, aliufikisha Unguja. Wana wa Said, Majid na Thuwaini, wakagombania urithi, na mwaka 1861 Lord Canning, mkuu wa utawala wa Uingereza huko India, akaigawa dola: Majid abaki na Unguja, Thuwaini na Maskati, na Unguja iilipe Maskati riyali 40,000 kila mwaka.

Mwaka 1872 stima za barua zikaanza kufika Unguja kila mwezi. Mwaka 1879 ukalazwa waya wa telegrafu kutoka Aden, na habari iliyokuwa ikingoja msimu ikafika siku ile ile. Lakini majahazi hayakukoma. Mwishoni mwa 1938, baharia na mwandishi Alan Villiers alipanda Aden jahazi la Kuwait la nahodha Ali bin Nasr al-Najdi, wakashuka na kaskazi hadi Unguja, kisha delta ya Rufiji kupakia boriti. Walikaa matopeni humo, mbu wakiwala, mpaka shehena ikatimia, ndipo wakatweka tanga kuifuata kusi.