Mgongo Unaogawa Maji: Mwendo wa Kutwa kutoka Maracha hadi Salia Musala

Ndugu msomaji, chagua siku moja ya Agosti, mvua zikiwa zimekolea, uamke alfajiri utoke Maracha kuelekea magharibi. Ukishafika juu, geukia kaskazini, uelekee Koboko. Utatembea kutwa. Nchi hiyo ni nyanda za juu zilizo wazi, zisizo na msitu, kilima kikifuata kilima, na kila unaposhuka bondeni unakuta kinamasi: matete, maji yaliyotuama, tope jeusi linalomeza mguu hadi gotini. Vua viatu. Mwenyeji huvuka kwa kukanyaga mashina ya majani. Mgeni huzunguka, na kule kuzunguka ndiko kunakoimaliza siku.

Nakuomba usiipuuze njia hii kwa sababu ya tope lake, maana unatembea juu ya maneno ya mkataba. Maji ya mkono wako wa kuume hushuka kwenye vijito vya Enyau na Kochi, yakaingia Nile, na mwishowe Bahari ya Mediterania. Yale ya mkono wa kushoto huenda Kibali, kisha Uele, Ubangi na Mto Kongo, hadi Atlantiki. Mgongo huo unaogawa maji ndio mpaka wa Uganda na Kongo katika sehemu hii. Hakuna mto wa kuvuka wala mlima wa kuonyesha kwa kidole. Mlima Liru unaonekana, ndiyo, lakini huo Walugbara wanauheshimu kwa sababu ya mzee wao Jaki, si kwa sababu ya mpaka.

Mstari huu uliandikwa Brussels tarehe 12 Mei 1894, kati ya Uingereza na Mfalme Leopold wa Pili. Ulikubalika kirahisi, kwa kuwa mezani mgongo wa maji ni kitu safi sana: tone hili huku, tone lile kule. Huku kinamasini tone hukaa wiki nzima bila kuamua. Na elimu ya mito yenyewe ilikuwa changa. Miaka 24 tu kabla ya mkataba, msafiri Mjerumani Georg Schweinfurth alifika Uele, akaona unaelekea magharibi, akadhani ni maji ya Ziwa Chad.

Mkataba uleule ulifanya jambo la pili, nalo ndilo lililoyagusa maisha ya watu zaidi. Nchi ya mashariki ya mgongo, kutoka Mahagi kwenye Ziwa Albert kwenda kaskazini, Leopold alikodishwa kwa muda wa uhai wake. Ndiyo iliyoitwa Lado. Alipofariki Desemba 1909, kodi ikaisha. Mwaka 1910 nchi ikakabidhiwa Sudan, iliyokuwa chini ya Uingereza na Misri. Mwaka 1914 sehemu ya kusini, yaani Arua, Maracha na Koboko za leo, ikatiwa Uganda, nayo Uganda ikaiachia Sudan Gondokoro na Nimule. Katika kipindi hicho cha kupokezana, wawindaji wa pembe za ndovu walimiminika humo kama watu walioachiwa duka bila mwenyewe.

Sasa fikiri juu ya mtoto aliyezaliwa kwenye kilima kimoja cha Maracha mwaka 1900. Alizaliwa chini ya Leopold. Akiwa na miaka 10 alikuwa wa Sudan. Akiwa na 14, wa Uganda. Hakuhamisha hata jiko la mama yake.

Mtoto huyo ni babu wa mtu aliye hai leo, na hapo historia inageuka kuwa sheria. Ibara ya 10 ya Katiba ya 1995 humhesabu kuwa raia kwa kuzaliwa yule aliyezaliwa Uganda, ambaye mmoja wa wazazi wake au wa babu na bibi zake ni, au alikuwa, wa jamii zilizokuwa zikiishi ndani ya mipaka ya Uganda tarehe 1 Februari 1926. Walugbara na Wakakwa wametajwa katika jedwali la jamii hizo. Lakini Walugbara wako pia Aru, ng'ambo ya mgongo, na Wakakwa wako katika nchi tatu. Jina la kabila, basi, halimalizi swali mbele ya mwandikishaji. Atataka kujua boma la babu lilikuwa upande gani wa maji. Mimi naona ni swali gumu kumwuliza mtu ambaye babu yake alichunga mbuzi pande zote mbili kabla ya chakula cha mchana.

Tena uzito wake ulikwisha kupimwa. Oktoba 1980, askari wa zamani wa Idi Amin walishambulia kutoka ng'ambo, na jeshi la serikali mpya likawalipizia kisasi raia. Watu wa Arua, Maracha na Koboko wakakimbilia Zaire na Sudan, wengi kwa miguu, na Oktoba bado ni mwezi wa mvua. Waliovuka vinamasi hivi walikuwa raia asubuhi, na jioni wakawa wakimbizi, wengine katika kijiji cha mjomba. Walipoanza kurudi miaka ile ya 80, walikuta nyumba zimechomwa na mashamba yamekuwa pori. Wako waliobaki ng'ambo, wakaoa na kuzaa huko. Watoto wao ni watu wazima sasa.

Jua likianza kushuka, utafika Salia Musala, mahali Uganda, Kongo na Sudan Kusini zinapokutana. Utasikia Kikakwa, Kilugbara, Lingala, Kiarabu cha Juba na Kiswahili katika bei ya fungu moja la mihogo. Osha miguu kabla ya kuketi. Ukitaka kujua umesimama katika nchi gani, itakubidi umwulize mwenyeji.