Vimondo vya Disemba: namna ya kuviona na kuvipiga picha Mombasa

Kwa kawaida, vimondo vya Jeminidi hufikia kilele usiku wa kuamkia tarehe 14 Disemba. Ni vumbi la jiwe la angani liitwalo Phaethon, lililogunduliwa mwaka 1983, likiungua hewani. Penye giza totoro huweza kuonekana zaidi ya 100 kwa saa. Mjini, taa hutubakishia ving'aavyo sana tu.

Basi zipe taa kisogo. Nenda na mwenzako ufuoni, Nyali au Bamburi, mtazame baharini kuanzia saa nne usiku. Saa nane ndiyo bora. Simu mfukoni dakika 20, macho yazoee giza. Kamera iwe juu ya stendi: lenzi pana, ISO 800, sekunde 10, picha mfululizo.

Nyota zilizowaongoza manahodha wetu zingalipo. Tumezificha kwa taa.