Nyumba Zilizovutwa na Farasi

Kati ya mwaka 1907 na 1908, mtu aliyesimama kando ya barabara za San Francisco angeweza kuona nyumba zikipita. Zilikuwa nyumba nzima, zenye kuta, paa na mlango, zimepandishwa juu ya mikokoteni na kuvutwa na farasi kwenda vilima vya Bernal Heights na viunga vingine ambako viwanja vilikuwa vya bei nafuu. Zote zilikuwa za rangi moja ya kijani, ileile iliyopakwa mabenchi ya bustani za jiji.

Chanzo chake kilikuwa msiba. Aprili 18, 1906, saa 11 na dakika 12 alfajiri, ardhi ilitetemeka, na moto uliofuata ukalila jiji kwa siku tatu. Majengo yapatayo 28,000 yaliangamia. Katika wakazi 400,000 hivi, zaidi ya nusu walibaki bila makao. Jeshi liligawa mahema, watu wakalala bustanini na kwenye viwanja vya wazi, na kiangazi kikapita hivyo. Lakini mvua za majira ya baridi zilikuwa njiani, na hema juu ya tope si mahali pa kulelea mtoto.

Ndipo shirika la misaada la jiji, wasimamizi wa bustani na jeshi wakashirikiana. Kati ya Septemba 1906 na Machi 1907, maseremala wa vyama vya wafanyakazi walijenga nyumba 5,610, zikahifadhi zaidi ya watu 16,000 katika kambi 11. Kuta zilikuwa za mbao za redwood, sakafu za fir, na paa ziliezekwa kwa vigae vya mwerezi. Nyumba ndogo kuliko zote ilikuwa futi 10 kwa 14. Haikuwa na jiko wala choo ndani. Kipimo kisichobadilika ndicho kilichoharakisha kazi: seremala aliyemaliza nyumba ya kwanza hakuhitaji kuifikiria upya ya pili, wala ya mia.

Watu wa pwani ya Afrika Mashariki wanakijua kipimo cha namna hiyo tangu zamani. Chumba cha nyumba ya mawe ya Lamu au Zanzibar kilikuwa na upana ambao boriti ya mkoko iliweza kuuvuka, mita tatu hivi au pungufu. Majahazi yaliyosafirisha boriti za Rufiji na Lamu hadi nchi za Ghuba yalipeleka kipimo hicho huko.

Lakini kilichozifanya nyumba za San Francisco zikumbukwe ni masharti yake kuliko mbao zake. Familia ililipa dola 2 kwa mwezi, na fedha hizo zilihesabiwa ndani ya bei ya nyumba, yaani dola 50. Ikimaliza kulipa, nyumba ilikuwa yake, ila ilipaswa kuiondoa kambini. Ndiyo maana zilionekana barabarani. Zaidi ya nyumba 5,300 zilihamishwa, na kambi ya mwisho ikafungwa katikati ya mwaka 1908. Wenye uwezo waliunganisha mbili au tatu, wakatoboa mlango katikati, wakaongeza baraza. Aliyekuwa mpangaji kabla ya moto akawa mwenye nyumba.

Si wote waliotendewa hivyo. Wachina walitengwa na kuhamishwa kutoka kambi hii hadi ile, huku wakubwa wa jiji wakipanga kuuondoa mtaa wao katikati ya mji na kuupeleka Hunters Point, pembezoni. Walikataa. Serikali ya China ilipinga mpango huo, wafanyabiashara wao wakaanza kujenga palepale walipokuwa. Walijua kwamba anayepewa paa mahali asipopataka amehamishwa mara ya pili.

Miaka karibu tisini baadaye, swali lilelile la kuwapa makao waliopoteza makwao liliibuka katika Maziwa Makuu. Mwishoni mwa Aprili 1994, watu wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo kutoka Rwanda kuingia Ngara, Tanzania, katika muda wa saa 24 hivi. Kila turubai lilihitaji miti ya kulisimamisha, kila chungu kilihitaji kuni, na miti ikaisha haraka kuzunguka kambi za wakimbizi wa Rwanda. Yalipogawiwa mabomba ya alumini badala ya miti, wakimbizi waliyauza, kisha wakarudi porini kukata. Hakuna wa kuwalaumu kwa hilo: bomba lilikuwa fedha, na fedha ilikuwa chakula.

Msanifu majengo wa Japani, Shigeru Ban, alipeleka wazo lake katika shirika la wakimbizi la Umoja wa Mataifa, UNHCR, mjini Geneva: nguzo zitengenezwe kwa mirija ya karatasi ngumu, kitu ambacho hakuna atakayekinunua. Mwaka 1999 vibanda 50 vya majaribio vilijengwa katika kambi ya Byumba, Rwanda. Wazo lilikuwa la busara, nalo lililenga kuokoa miti. Hata hivyo, tofauti na San Francisco inaumiza. Kule, nyumba ilipewa thamani ili mkimbizi aondoke nayo; huku, nguzo ilichaguliwa kwa kuwa haikuwa na thamani sokoni.

Tanzania yenyewe iliwahi kuanzia upande mwingine. Warundi waliokimbia mauaji ya 1972 walipelekwa Ulyankulu, Katumba na baadaye Mishamo, na kila familia ikapewa ardhi, hekta 5 hivi. Nyumba walijijengea wenyewe. Kufikia katikati ya miaka ya 1980 walikuwa wakijilisha, na mwaka 2014 zaidi ya 160,000 kati yao na watoto wao walithibitishiwa uraia wa Tanzania.

Nyumba za kijani nazo hazijaisha. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, mpangaji mmoja wa San Francisco, Jane Cryan, aligundua kwamba nyumba aliyopanga katika barabara ya 24th Avenue ilikuwa vibanda vya 1906 vilivyounganishwa. Alipigania ihifadhiwe, na mwaka 1984 jiji likaitangaza kuwa alama ya kihistoria. Vingine bado vimejificha ndani ya nyumba za kawaida, chini ya plasta na miaka ya ukarabati. Anayevitafuta hupima chumba kwa futi, hutazama kama mbao ni redwood, kisha hukwangua rangi taratibu mpaka aone kama chini kabisa kuna kijani.