Uzamivu wa Historia na Makaratasi ya Unyiha

Mwaka 1968 East African Publishing House ya Nairobi ilichapa kitabu kuhusu Tanzania kabla ya 1900, mhariri wake Andrew Roberts. Kina historia za watu wa sehemu saba: Washambaa, Wapare, Wahehe, Wakimbu, Wanyiha, Wafipa na Wanyamwezi. Sura ya Wanyiha, yaani wenyeji wa Hasamba na Mbozi kwa jumla, iliandikwa na Beverley Brock. Kati ya waandishi wote saba Mwafrika alikuwa mmoja tu, Isaria Kimambo, aliyewaandika Wapare wenzake. Ukitaka kujua kwa nini alikuwa mmoja, itakubidi uifuate safari ya shahada ya uzamivu katika historia tangu ilikotoka.

Ilitoka Ujerumani. Huko Berlin, katika karne ya 19, Leopold von Ranke aliwakalisha wanafunzi wake mbele ya nyaraka na kuwafundisha kuzihoji kama wakili amhojivyo shahidi. Kanuni ilikuwa njema, ila iliacha nje sehemu kubwa ya dunia, kwani pasipo maandishi ilidhaniwa hapana historia. Kwa kipimo hicho mwene (mtawala) wa Unyiha, wayeyusha chuma wake na wafumaji wa nguo za pamba wasingekuwamo katika historia hadi siku mmisionari au bwana shauri alipowaandika.

Waliolibomoa wazo hilo walilibomolea ndani ya vyuo vya Ulaya na Marekani. Kenneth Dike wa Nigeria alipata uzamivu London mwaka 1950 kwa kuweka masimulizi ya wenyeji wa Delta ya Niger kando ya nyaraka za Waingereza. Mwaka 1961 Jan Vansina, Mbelgiji aliyefanya utafiti Kongo na Rwanda, alitoa kitabu kilichoonyesha jinsi ya kuyapima masimulizi hayo. Bethwell Ogot wa Kenya alikumbana London na mashaka ya wakubwa wa taaluma: je, habari za Wajaluo zilizotoka vinywani mwa wazee zingetosha kuwa tasnifu? Zilitosha, na mwaka 1967 zikawa kitabu. Mwaka huohuo Kimambo alihitimu Northwestern, Marekani. Mpare alilazimika kwenda jirani na Chicago ili athibitishwe kuwa anaweza kuandika historia ya Upare. Nyumbani hapakuwa bado na mahali pa kuipatia shahada hiyo.

Nyumbani kulikuwa kunajengwa. Chuo cha Dar es Salaam kilifunguliwa Oktoba 1961 na wanafunzi 14, wote wa sheria, chini ya mwavuli wa Chuo Kikuu cha London. Terence Ranger, aliyefukuzwa Rhodesia na serikali ya walowezi, akaja kuongoza Idara ya Historia. Mwaka 1965 wanahistoria wa Afrika walikusanyika Dar es Salaam, na Mwalimu Nyerere akawafungulia mkutano wao. Mwaka 1968 wanafunzi walitumwa makwao kuwahoji wazee waliokumbuka Vita vya Maji Maji.

Kwangu mimi, tarehe kubwa kuliko hizo zote ni 1973. Mwaka huo Gilbert Gwassa alipata uzamivu kwa tasnifu ya Maji Maji katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam chenyewe. Shahidi alikuwa mzee wa kusini, mtafiti Mtanzania, na muhuri wa chuo ulipigwa hapahapa nchini. Walter Rodney, ambaye mwaka uliotangulia alikuwa ametoa kitabu chake cha jinsi Ulaya ilivyoidunisha Afrika, alikuwa bado anafundisha pale.

Ila njia ya nje haikufungwa. Kapepwa Tambila aliandika historia ya Rukwa, jirani zetu wa Ufipa, akahitimu Hamburg mwaka 1981. Unyiha nako kuliendelea kuandikwa na wageni. Marcia Wright alichapisha mwaka 1971 kitabu kuhusu misheni za Wajerumani katika nyanda za kusini, wakiwamo Wamoraviani wa Mbozi na mchungaji wao Traugott Bachmann. Jamie Monson akaandika juu ya reli ya TAZARA mwaka 2009. Kazi zao ni nzuri, na sioni sababu ya kuzinunia.

Kijana wa Hasamba anayetaka uzamivu leo, akishamaliza umahiri, ataandika pendekezo la utafiti, apate msimamizi na kibali, kisha aanze kutafuta habari za kwao katika miji ya watu. Nyaraka za Taifa ziko Dar es Salaam, karibu kilomita 900 kutoka Vwawa, na kwenye majalada ya Wajerumani atazame chini ya jina la Langenburg, wilaya iliyotawaliwa kutoka Tukuyu. Majalada mengine yako Berlin. Barua za Wamoraviani ziko Herrnhut, mji mdogo wa Saxony. Miaka mitatu ya kwenye fomu huyeyuka, ada ikidaiwa. Ndiyo maana wengi wanaofika hadi kuitetea tasnifu mbele ya mtahini wa nje ni wahadhiri wasaidizi wanaolipiwa na vyuo vyao.

Lakini kuna nyaraka ambazo Berlin haina. Madaftari ya mizani ya kahawa, mihutasari ya vikao vya kijiji tangu Operesheni Vijiji, vitabu vya ubatizo, stakabadhi za chama cha ushirika kabla serikali haijavivunja vyama hivyo mwaka 1976: hayo yamo makabatini na kwenye masanduku ya Hasamba, Vwawa na Tunduma. Aliyebeba mataruma ya reli ya TAZARA akiwa na miaka 20 sasa amevuka 70. Makatibu wa vyama vya ushirika (AMCOS), wazee wa kanisa na watendaji wa vijiji, msiyachome madaftari ya zamani wala kuyauza yafungie maandazi. Na wewe mwanafunzi mwenye simu, mrekodi babu yako wiki hii, utaje jina lake, mahali na tarehe.