Kupeleka na Kurudisha: Historia ya Nakala Rudufu za Diski Kupitia Mtandao

Kuhifadhi nakala rudufu ya diski kupitia mtandao ni kuichukua data iliyomo katika kompyuta moja na kuiweka katika mashine iliyo mahali pengine, ili diski ya kwanza ikiharibika data irejeshwe. Kazi hii ina pande mbili, kupeleka na kurudisha, na hazikuendelea kwa mwendo mmoja. Kupeleka kumerahisishwa mara nyingi, kwa sababu wataalamu walibuni namna ya kutuma kidogo zaidi kila safari. Kurudisha hakukupata nafuu hiyo: diski mpya ni tupu, na kila kilichopotea lazima kisafiri upya.

Diski zilitangulia mitandao. IBM ilianza kuuza diski mwaka 1956 pamoja na kompyuta yake ya RAMAC 305. Kabati zima lenye sahani 50, kila moja yenye upana wa inchi 24, lilibeba herufi milioni 5. Nakala za data ziliwekwa kwenye kadi za kutobolewa, na baadaye zaidi kwenye kanda za sumaku. Utaratibu uliozoeleka ulikuwa wa vizazi vitatu: kanda mpya kabisa iliitwa mwana, iliyotangulia baba, na ya kabla ya hiyo babu. Babu akishapitwa na wakati, kanda yake iliandikwa upya. Makampuni yaliyoogopa moto yalipeleka kanda kwenye jengo jingine, na chombo cha kuzisafirisha kilikuwa gari.

Katika miaka ya 1970 mfumo wa Unix, uliobuniwa Bell Labs nchini Marekani, ulileta programu zilizodumu hadi leo. Programu ya dump ilionekana katika toleo la sita la mwaka 1975, na tar katika toleo la saba la mwaka 1979. Dump ilipanga nakala kwa viwango. Kiwango 0 kilinakili diski nzima, na viwango vya juu vilichukua tu mafaili yaliyobadilika tangu nakala ya kiwango cha chini ilipofanywa. Hivyo nakala kamili ingeweza kufanywa mara moja kwa mwezi, na zile za kila usiku zikawa ndogo. Gharama yake ilijitokeza siku ya ajali: aliyetaka kurejesha diski alianza na kanda ya kiwango 0, kisha akapandisha zilizofuata moja baada ya moja kwa mpangilio. Kanda moja ya katikati ikiwa mbovu, mabadiliko yaliyokuwemo yalipotea.

Mtandao uliingia kazini katika miaka ya 1980. Mwaka 1983 Chuo Kikuu cha California, Berkeley, kilitoa toleo la Unix lililoitwa 4.2BSD. Ndani yake mlikuwa na programu ndogo, rmt, iliyoiwezesha kompyuta moja kuutumia mtambo wa kanda uliofungwa kwenye kompyuta nyingine. Mwaka huohuo mtandao wa Ethernet, uliokuwa umebuniwa na Robert Metcalfe na David Boggs katika maabara ya Xerox miaka 10 kabla, ulipata kiwango rasmi cha megabiti 10 kwa sekunde. Ofisi sasa iliweza kuwa na kompyuta nyingi za mezani na mtambo mmoja tu wa kanda.

Utaratibu huo ulikuwa na kasoro ya kimitambo. Kanda hutaka kuzunguka bila kusita. Data ikichelewa kufika, mtambo husimama, hurudi nyuma kidogo, kisha huanza tena, na muda mwingi hupotea. Kompyuta moja iliyotuma polepole ilitosha kuukwamisha mtambo usiku kucha. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 Chuo Kikuu cha Maryland kilitatua tatizo hilo kwa programu ya Amanda. Seva ya Amanda ilipokea data kutoka kompyuta kadhaa kwa pamoja na kuikusanya kwanza kwenye diski ya muda. Nakala ilipokamilika ndipo ilipomiminwa kwenye kanda kwa kasi moja. Aidha, Amanda ilizigawa nakala kamili katika siku tofauti, ili kompyuta zote zisidai nakala nzima usiku mmoja.

Hatua iliyofuata ilikuwa kupunguza data ndani ya faili lenyewe. Mwaka 1996, katika Chuo Kikuu cha Taifa cha Australia, Andrew Tridgell na Paul Mackerras walitangaza programu ya rsync, iliyolenga hasa njia za mawasiliano za polepole. Kompyuta inayopokea hulikata toleo la zamani la faili katika vipande vya ukubwa sawa, hukokotoa namba mbili za utambulisho kwa kila kipande, kisha huzipeleka namba hizo kwa kompyuta yenye toleo jipya. Namba ya kwanza ni nyepesi, na inaweza kusasishwa kila upekuzi unaposogea baiti moja mbele bila kukokotoa kipande kizima upya. Ya pili ni nzito zaidi, na kazi yake ni kuthibitisha. Toleo jipya hupekuliwa baiti kwa baiti. Panapolingana na kipande cha zamani hutumwa rejeo tu, pasipolingana hutumwa data yenyewe. Faili kubwa lililoongezwa aya moja katikati huvuka mtandao kwa sehemu ndogo tu ya ukubwa wake.

Mwaka 2002 Sean Quinlan na Sean Dorward wa Bell Labs walielezea Venti, ghala la data ambamo kila kipande hutambuliwa kwa namba inayokokotolewa kutokana na yaliyomo. Vipande viwili vyenye maudhui yaleyale hupata namba ileile, na huhifadhiwa mara moja tu hata vikitoka kwenye kompyuta 100. Kanuni hiyo ya kuondoa marudio imekuwa msingi wa mifumo mingi iliyofuata.

Wakati huo tawi jingine lilikuwa likikua, la kunakili diski nzima pamoja na mfumo wake endeshi. Shule na ofisi zilizokuwa na kompyuta nyingi za aina moja zilitaka kuandaa moja vizuri na kuzifananisha nyingine zote nayo. Ghost, programu ya kampuni ya Binary Research ya Auckland, New Zealand, ilipata umaarufu katikati ya miaka ya 1990 hadi Symantec ikainunua mwaka 1998. Mwaka 1999 Intel ilitoa toleo la 2.1 la kanuni za PXE, zinazoiruhusu kompyuta isiyo na chochote kwenye diski kuwaka kwa msaada wa mtandao: kadi ya mtandao huomba anwani, hupakua programu ndogo kutoka kwenye seva, na programu hiyo huanza kazi ya kurejesha. Baadaye Kituo cha Taifa cha Kompyuta za Kasi cha Taiwan kilitoa Clonezilla bila malipo. Kwa mifumo ya mafaili inayoifahamu, Clonezilla hunakili tu vipande vya diski vyenye data.

Tawi hili ndilo lililoupunguzia upande wa kurejesha mzigo, kwa kutuma mara moja kwa wapokeaji wengi. Darasa lenye kompyuta 20 zinazohitaji gigabaiti 2 kila moja lingepitisha gigabaiti 40 mtandaoni kama zingehudumiwa moja moja. Zikisikiliza matangazo ya seva kwa pamoja, gigabaiti 2 zinatosha. Njia hiyo hufaa pale ambapo mashine zote zinataka kitu kilekile. Kwa diski ambayo data yake ni ya pekee haina msaada.

Amazon ilipofungua S3, huduma yake ya kuhifadhi data, mwezi Machi 2006, nakala zilianza kutoka nje ya majengo ya wenye data na kwenda kwenye seva za kukodi. Afrika Mashariki ilichelewa kuifikia hatua hiyo kwa sababu ya njia za mawasiliano. Intaneti ya kimataifa ilitegemea setilaiti, yenye gharama kubwa na kasi ndogo, hadi nyaya za chini ya bahari zilipofika: SEACOM mwaka 2009, ikitua Mombasa na Dar es Salaam, na EASSy mwaka 2010. Mwezi Mei 2024 nyaya hizo mbili zilikatika kwa wakati mmoja na intaneti ikazorota katika nchi kadhaa za ukanda huu. Aliyekuwa na nakala ng’ambo tu alilazimika kusubiri.

Hata njia ikiwa nzima, hesabu ya kurudisha ni nzito. Terabaiti 1 kwa kasi ya megabiti 10 kwa sekunde huchukua zaidi ya siku 9. Ili kukwepa muda mrefu kama huo wa kupitisha data mtandaoni, mwaka 2015 Amazon ilianzisha Snowball, kisanduku kilichokuwa na nafasi ya terabaiti 50 na kilichosafirishwa kama kifurushi.

Mwaka 2017 ulitoa mafunzo mawili. Mwezi Januari kampuni ya GitLab ilifuta kwa bahati mbaya takriban gigabaiti 300 za hifadhidata yake. Njia kadhaa za kuhifadhi nakala zilikuwepo, lakini ile ya kila siku ilikuwa ikishindwa kimyakimya. Kilichookoa ni nakala iliyochukuliwa saa 6 kabla, na kuirejesha kulichukua saa zipatazo 18. Mwezi Juni virusi vya NotPetya vikaiangusha kampuni ya meli ya Maersk. Seva zake takriban 150 za kuwatambua watumiaji zilikuwa zikinakiliana zenyewe kwa zenyewe, hivyo zilifutwa pamoja, isipokuwa moja ya ofisi ya Ghana iliyokuwa imezimika kwa kukatika umeme. Mtandao wa kutoka Ghana haukutosha kuipeleka data Uingereza, na diski ikabebwa kwa ndege. Kampuni ilisimamisha upya seva 4,000 na kompyuta 45,000 katika siku 10.

Taratibu za sasa zimejengwa juu ya matukio ya namna hiyo. Kanuni inayonasibishwa na mpiga picha Peter Krogh hutaka nakala tatu, katika aina mbili za vyombo, na moja iwe mbali. Baada ya mashambulizi ya virusi, wengi wameongeza nakala isiyounganishwa na mtandao wowote. Nakala ya karibu huharakisha kurejesha, ya mbali hukinga dhidi ya moto na mafuriko, na iliyotengwa hukinga dhidi ya kufutwa kwa pamoja. Taasisi hupanga pia muda ambao inaweza kuishi bila data, na hufanya majaribio ya kurejesha ili kuona kama muda huo unatosha, kwa kuwa wepesi wa nakala za kila usiku hauonyeshi uzito wa diski nzima inapotakiwa kurudi.